Nevena na Asilimia Hamsini

Zamani mtu akilala kitandani katika Mtaa wa Chini, mtaa mzima ulijua anaumwa na haukuhitaji kuambiwa mara mbili. Siku hizi anatakiwa athibitishe ugonjwa wake kwa asilimia, mbele ya watu wasiojua hata jina la mama yake.

Hivyo ndivyo Naiden alivyoliona jambo hilo, na alikuwa na miaka sabini na minane ya kuangalia mambo. Miaka thelathini na mmoja alikaa katika kibanda cha reli nje ya mji wa Dolna Bistra, akivuta wenzo wa kubadilisha njia za treni, na kati ya treni moja na nyingine alisoma. Shule aliiachia darasa la saba. Vitabu alivichukua katika nyumba ya kusomea ya mji, rafu baada ya rafu, kwa mpangilio ule ule vilivyopangwa, ndiyo maana alijua mengi juu ya nyuki kabla hajajua lolote juu ya Wagiriki. Nyumba ile sasa ni duka la kamari. Kibanda kimezibwa kwa matofali. Mke wake alikuwa kaburini na watoto wake ughaibuni, na yeye hakuweza kukaa mahali pamoja: aliuzunguka mtaa asubuhi, akauzunguka tena mchana, akigonga malango na kuuliza nani kaletewa barua ya serikali, kwa kuwa barua zote za serikali pale mtaani alizisoma na kuzijibu yeye.

Lango alilogonga kuliko yote lilikuwa la Tihomir na Nevena.

Nevena alikuwa na miaka arobaini na minne. Kabla hajaugua alishona blauzi katika karakana ya Waitaliano, mwepesi wa mkono hata wakampa kushona kola tu, kazi inayotaka macho na subira. Majira ya baridi ya miaka mitatu nyuma alishikwa na mafua makali, akalala siku tisa. Homa ikaondoka, nguvu hazikurudi. Alidhani ni unyonge wa mtu aliyetoka kitandani, akajilazimisha kwenda kazini. Alishona siku nne. Ya tano Tihomir alimkuta ameketi kwenye ngazi za karakana, hawezi kuinua mkoba wake mwenyewe. Tangu hapo, akiosha nywele leo, kesho na keshokutwa alilala gizani, pazia limefungwa, redio hataki, na hata kijiko kikigonga kikombe jikoni kilimuumiza. Siku njema aliegemea mto akazungumza robo saa. Vipimo vya damu vilitoka safi. Daktari wa mji alisema ni wasiwasi. Wa tano kumwona, daktari mmoja wa mji mkuu, Sofia, ndiye aliyeliandika jina kwenye karatasi: uchovu sugu.

Jina hilo halikumsaidia mtaani. Uchovu kila mtu alikuwa nao.

"Mimi nimechoka tangu mwaka wa sabini na mbili," alisema Bi Kera, jirani wa ng'ambo ya barabara. "Nani ananilipa?"

"Wewe umechoshwa na mdomo wako," Naiden alimwambia.

"Na mdomo ni kazi. Jaribu kuufunga wako siku moja, tuone kama hutalala mapema."

Maneno yalikuwa hayo, lakini kila Jumatatu na Alhamisi Bi Kera alivuka barabara na sufuria ya supu chini ya aproni, akaiweka mlangoni kwa Nevena bila kubisha, asije akamwamsha.

Mwezi wa Septemba ndipo Tihomir alipomfuata Naiden bustanini, akasimama akizungusha kofia mikononi. Alikuwa mtu wa kiwanda cha mbao, mabega mapana, maneno machache.

"Analia," alisema.

"Maumivu?"

"Chupa. Mwaka wa tatu huu hana chupa hata moja. Anasema akifa watu wa mazishi watafungua ghala wakute limejaa hewa."

Naiden hakucheka. Zamani kila uwanja mtaani ulikuwa na pipa lake na moto wake wakati kama huu, na moshi wa pilipili hoho ulitanda hadi stesheni. Mwanamke alijulikana kwa chupa zake za majira ya baridi: pilipili za kuchoma, nyanya, matango, rojo jekundu la kupaka mkate. Sasa watu walinunua dukani vitu vilivyotengenezwa mbali na watu wasioonekana, wakasema ladha ni ile ile. Katika Mtaa wa Chini walikuwa wamebaki wanawake watatu waliowasha moto. Naiden aliwaendea wote siku hiyo hiyo.

Alileta magunia ya pilipili kwa mkokoteni wake. Siku mbili walichoma, wakamenya, wakachemsha katika uwanja wa Nevena. Siku ya pili Tihomir alimbeba mkewe hadi dirishani, akamfunika blanketi, na Nevena akakaa hapo dakika kumi. Bi Kera, aliyekuwa akitengeneza rojo hilo tangu kabla Nevena hajazaliwa, alisimama chini ya dirisha na mwiko mkononi.

"Chumvi kiasi gani, mama mwenye nyumba?"

"Vijiko vinne," Nevena alisema, kwa sauti ndogo.

"Vinne tu? Haya. Nyumba yako, chumvi yako."

Akatia vinne, ingawa kwake alitia sita. Chupa zilipokuwa tayari, Tihomir alizipanga kwenye rafu za ukumbini, karibu na mlango wa mbele, kwa kuwa ghala lilikuwa limeingia unyevu. Mia moja na arobaini. Kila aliyeingia alizipita.

Wakati huo karatasi za kuomba pensheni ya ulemavu zilikuwa zinakwenda na kurudi. Kiwanda cha mbao kilikuwa kinafungwa mwisho wa mwaka, kila mtu alishaambiwa. Binamu yake Tihomir aliyekuwa ughaibuni, Stuttgart, alimshikia nafasi kwenye bohari, hadi mwisho wa Januari, si zaidi. Tume ya mkoa ikimpa Nevena asilimia hamsini ya ulemavu, angepata pensheni, na Tihomir angebaki akitafuta vibarua hapa na pale huku akimtunza katika chumba chake chenye giza na kimya. Ikimpa chini ya hapo, wangelazimika kwenda wote wawili, maana peke yake Nevena asingeweza hata kujipashia maziwa. Siku mbili barabarani, kisha chumba cha kupanga juu ya karakana ya magari. Daktari wa Sofia alikuwa ameshasema wazi: safari kama hiyo inaweza kumrudisha nyuma mwaka mzima, na huenda asirudi tena hata pale alipo sasa.

Kwa kuwa Nevena hakuweza kwenda mbele ya tume, Naiden aliandika kuomba tume ije kwake. Ombi likakubaliwa: katikati ya Novemba, Jumatano, saa nne asubuhi. Naiden alinunua daftari jipya.

"Mzee Naiden," Nevena alimwambia Jumatatu, macho yamefumbwa, "mimi nitaishiwa maneno. Utasema wewe."

"Nitasema."

"Useme kama ilivyo. Unajua siwezi kubishana."

"Nimeandika hoja kumi na moja, binti yangu. Kwa mpangilio."

"Kumi na moja," alisema Nevena. "Wataomba msamaha kabla ya ya sita."

Jumatano Naiden alifika saa moja, kidevu kimenyolewa hadi kinang'aa, amevaa koti la misiba. Mkononi alikuwa na chupa ya rakia, pombe yake kali ya plamu, na banitsa ya Bi Kera, ile mikate ya jibini ya tabaka tabaka, bado inatoa mvuke chini ya taulo. Akaanza kupanga meza.

"Mzee," Tihomir alisema, "hawa wanakuja kukagua. Si wageni."

"Wanaingia nyumbani, hawaingii?"

"Wanaingia."

"Basi toa vikombe vizuri."

Walikuja wawili: Daktari Radeva, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na karani aliyekumbatia kompyuta yake kama mtoto mchanga. Naiden alikuwa amejiandaa kuwachukia. Lakini daktari alivua viatu vyake vya matope mlangoni bila kuambiwa, akaingiza miguu kwenye sapatu za wageni, akamwita "babu" kwa adabu, na chuki ya Naiden ikakosa pa kushika. Daktari akapiga hatua mbili ukumbini, akasimama mbele ya rafu. Mwanga wa dirishani ulizipiga zile chupa, nyekundu, kijani, njano.

"Bibi yangu alikuwa na rafu kama hii," alisema. "Sijaiona kwa miaka mingi. Nani ametengeneza vyote hivi?"

Katika maisha yote ya Naiden, swali hilo lilikuwa na jibu moja tu. Mgeni akisifu kitu nyumbani kwa jirani yako, sifa unampa mwanamke wa nyumba. Husimami kwenye ukumbi wake ukasema hakuweza, yeye akiwa anakusikia nyuma ya mlango. Jibu lilitoka mdomoni kabla hajalifikiria, kama mtu anavyojibu salamu.

"Nani mwingine, daktari? Mwenye nyumba. Rojo lake halina mpinzani mtaa mzima."

"Peke yake?"

"Nyumba hii haijawahi kula chupa ya mtu mwingine."

Karani aligonga vitufe. Tihomir, aliyekuwa mlangoni mwa chumba cha kulala, aliinamisha kichwa akaangalia sapatu zake.

Nevena walimwangalia dakika ishirini. Daktari alimwomba ainue mikono, akainua. Ambane vidole, akavibana. Ahesabu kurudi nyuma kutoka mia kwa saba saba, akahesabu hadi thelathini bila kosa, kwa sababu alikuwa mtu wa kupima kola na hesabu hazikumshinda. Alisimama alipoambiwa asimame. Wakaguzi hawakuona alivyokuwa siku iliyofuata, wala ya baada yake. Kisha Naiden akafungua daftari, akasoma hoja zake kumi na moja kwa Kibulgaria kizuri ambacho hakuna aliyekisema tena, na daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Unasema vizuri sana, babu," alisema.

Rakia hawakugusa, walikuwa kazini. Banitsa walikula kipande kimoja kimoja. Naiden aliwasindikiza hadi kwenye gari lao, akarudi akisugua mikono.

"Mtu mwenye malezi," alisema. "Umeona alivyovua viatu?"

"Umesema chupa ni za Nevena," Tihomir alisema.

"Nilisema kwa heshima."

"Najua, mzee."

Tihomir akaanza kukusanya vikombe. Naiden alifika kwake, akavua koti, akalivaa tena, akatoka. Siku hiyo aliuzunguka mtaa mara nne. Alijaribu kujiambia kwamba msomi kama yule daktari anajua tofauti ya neno la adabu na neno la ushahidi. Zamani hata karani wa kodi aliijua. Kisha alikumbuka vile vidole vya karani vikigonga vitufe, akasimama katikati ya barabara hadi mtu wa pikipiki akampigia honi.

Nevena alilala siku kumi na moja bila kufungua pazia.

Barua ilifika Desemba, siku mbili kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Nikola, Tihomir akiwa jikoni anapara samaki wa siku hiyo. Hakuifungua. Alimwita Naiden jikoni, akampa ikiwa na magamba ya samaki kwenye bahasha, na Naiden akaisoma kwa sauti kama alivyosoma barua zote, amesimama.

"Ulemavu wa asilimia arobaini," alisoma. "Sababu. Nguvu za misuli zimehifadhiwa. Akili iko sawa. Kwa mujibu wa maelezo yaliyotolewa papo hapo na jirani, mwombaji..." Hapo aliishusha karatasi.

"Soma, mzee."

"Mwombaji anaendesha mwenyewe shughuli za nyumba, zikiwemo maandalizi ya akiba ya chakula cha baridi kwa kiwango kikubwa."

Samaki alikuwa kwenye beseni, nusu ana magamba, nusu hana. Tihomir alirudi kwenye beseni na kumaliza ile nusu. Naiden alisubiri atukanwe. Angelipokea tusi kwa shukrani, angalau lingempa kitu cha kujibu.

"Tuna siku kumi na nne za kukata rufaa," alisema mwishowe.

"Basi andika."

Nevena alimwita kabla hajatoka. Chumba kilikuwa na giza, aliona tu paji la uso na mkono juu ya shuka.

"Siku ile nilikusikia kutoka hapa," alisema. "Ningeweza kusema hapana, si yangu. Neno moja tu."

"Kwa nini hukusema?"

Mkono wake ulivuta shuka hadi kidevuni.

"Miaka mitatu hakuna aliyenisifu kwa kazi yoyote. Nikasema acha nisikie kidogo."

Naiden aliandika rufaa ya kurasa tisa. Sentensi iliyomshinda ilikuwa fupi kuliko zote: mimi, Naiden, nilisema uongo. Kila alipoiandika aliizungushia maelezo, desturi za watu wetu, heshima ya mgeni, na kila alipoisoma tena aliona ameeleza kila kitu isipokuwa uongo wenyewe. Alichana mara sita. Kisha akaenda kwa wanawake watatu kuchukua ushahidi wao.

"Niandike kwamba pilipili nilichoma mimi?" Bi Kera aliuliza.

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Na ataisoma nani?"

"Tume ya juu. Sofia."

"Kwa hiyo Sofia nzima itajua kwamba mke wa Tihomir hana chupa." Alifuta mikono kwenye aproni, polepole. "Wewe ulifungua mdomo ukamvisha taji, sasa unanituma mimi nikamvue."

"Asipovuliwa hapati pensheni, Kera."

"Nimekusikia. Lete kalamu. Na uandike chumvi ilikuwa yake. Hilo ni kweli, na kama hawalitaki wakae nalo."

Naiden alikwenda mwenyewe na treni ya asubuhi hadi mji wa mkoa, akisimama kwenye ujia wa behewa njia nzima ingawa viti vilikuwa vitupu. Katika ofisi ya tume, msichana wa dirishani alizipima zile kurasa kwa kidole gumba.

"Mzee, fomu ina mistari minane."

"Ukweli hauingii kwenye mistari minane."

"Huu ukweli mwingine hakuna atakayeusoma," msichana alisema, bila ubaya. "Nakushauri tu. Mambo manane, mafupi. Haya ya nyuki ya nini hapa?"

"Ni mfano."

"Toa nyuki."

Aliketi kwenye benchi la ukumbini akaandika upya, mistari minane, na ule wa kwanza ulikuwa ule uliomshinda nyumbani. Safari hii ulitoka bila shida. Alizibandika sahihi za wanawake, akakabidhi siku tatu kabla ya muda kwisha.

Jibu lilikuja tarehe ishirini na mbili Januari. Tume ya juu ilikuwa imeamua kwa karatasi, bila kumwona mtu. Maelezo mapya ya shahidi, waliandika, yanapingana na maelezo yake ya awali. Ya awali yalitolewa kwa hiari, kabla matokeo hayajajulikana, hivyo ndiyo ya kuaminika. Ushahidi wa majirani ulionekana kuandaliwa na mkono mmoja. Asilimia arobaini ilibaki arobaini.

"Mkono mmoja," Naiden alisema. "Nani mwingine mtaani anaandika?"

Ilibaki mahakama. Naiden alizijua ibara, alizitaja zote, akitembea kutoka jiko hadi dirisha na kutoka dirisha hadi jiko. Tihomir alimwacha amalize.

"Itachukua muda gani?"

"Miezi minane. Mwaka."

"Nafasi ya bohari ina siku tisa."

"Naweza kukaa naye mimi. Supu naweza. Maziwa naweza kupasha."

"Una miaka sabini na minane, mzee, na hukai mahali pamoja kwa dakika tano." Tihomir alisema hivyo kwa upole, akaweka mkono begani kwake, na Naiden akagundua kwamba hata wakati huo alikuwa anatembea, mkono ule ulimfuata hatua mbili kabla haujamsimamisha.

Waliondoka siku mbili kabla ya mwisho wa Januari. Binamu alikuja na gari dogo la mizigo, lenye kioo nyuma, wakatandika godoro ndani. Ilikuwa asubuhi kavu ya baridi. Wanawake watatu walitoka na shali vichwani wakaanza kusema wote kwa pamoja, hadi Naiden akawanyamazisha kwa mkono. Tihomir alimtoa Nevena amemfunga blanketi mbili, kitambaa juu ya macho ili mwanga usimchome. Alikuwa mwepesi, ilionekana kwa jinsi Tihomir alivyoshuka ngazi.

Naiden alikuwa ametayarisha maneno. Alikuwa ametayarisha usiku na mchana kwa wiki nzima, na mengine yalikuwa mazuri. Alisogea mlangoni mwa gari. Nevena alisikia hatua zake akageuza kichwa.

"Mzee Naiden?"

"Mimi, binti yangu."

"Bomba la uwanjani lifungwe, litapasuka kwa barafu. Tihomir kasahau."

"Nitalifunga."

"Sasa hivi, usichelewe."

"Sasa hivi," alisema, na maneno mengine yote yakabaki alikokuwa ameyaweka.

Bi Kera alimwaga maji kutoka kwenye ndoo ya shaba mbele ya magurudumu, kama ilivyomwagwa kwa kila msafiri wa mtaa ule, ili njia iwe laini. Yaliganda kabla gari halijawashwa. Binamu aliyakwepa, akisema matairi yake ni ya zamani. Tihomir alikaa nyuma, sakafuni, mgongo umeegemea ubavu wa gari na magoti ya mkewe mapajani.

Gari likaenda taratibu sana, kama walivyomsihi dereva. Kwenye kioo cha nyuma Naiden aliona nyayo za Nevena ndani ya soksi nyeupe za sufi, na kila gari lilipoingia shimoni zilitikisika, na kila zilipotikisika mkono wa Tihomir ulinyooshwa kuzishika zitulie. Alitembea nyuma yao hadi mwisho wa mtaa, kisha hadi mwisho wa barabara ya lami, hadi hakuweza tena kutofautisha soksi na theluji ya pembeni. Hakuwaona tena.